Kadi za wachezaji: Ipi inastahili kulipiwa upimaji, na ipi ibaki kwenye boksi?

Mwaka jana, usiku mmoja nikiwa natoka studio baada ya kipindi cha michezo, nilipokea simu kutoka Ohio, Marekani. Alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye kazi yake kule ni kubeba mizigo ya watu wanaohama nyumba. "Dada, nimepata mali," akaniambia kabla hata ya salamu. Mzee mmoja aliyekuwa anahamia kwa binti yake alikuwa amemwachia boksi la kadi za wachezaji, kama 300 hivi, akamwambia achukue au atupe.

Binamu alilipeleka boksi kwenye duka la kadi lililo karibu na anapoishi. Mwenye duka akamchagulia kadi 60 na kumshauri azipeleke zote zikapimwe daraja, kila moja kwa dola 25. Jumla dola 1,500. Fedha hizo alikuwa nazo, ila zilikuwa za mabati ya nyumba ya mama yake huku nyumbani, na mvua za vuli zilikuwa zinakaribia. Alichotaka kwangu ni nikamwombee kwa shangazi asubiri miezi minne.

Kuhusu kadi hizo nilijua jambo moja tu: kwamba Hasheem Thabeet wetu naye anazo. Nikamwomba binamu anipe wiki mbili kabla hajalipa chochote. Nilisoma, nikauliza wanaojua, tukapitia kadi zake moja moja kwa simu ya video. Baadaye nilikigusia kisa hiki hewani, na wasikilizaji kadhaa wenye ndugu Marekani na Kanada wakatuma ujumbe wakiuliza swali lile lile. Ndiyo sababu ya makala haya.

Kadi hizi ni nini, na kupimwa ni kufanyiwa nini

Kadi ya mchezaji ni kipande cha karatasi ngumu, kwa kawaida milimita 63.5 kwa 88.9, chenye picha ya mchezaji mbele na takwimu zake nyuma. Wamarekani wamekuwa wakizikusanya tangu karne ya 19, zilipokuwa zikitiwa ndani ya pakiti za sigara. Baadaye zikauzwa pamoja na ubani wa kutafuna, na leo pakiti huwa na kadi peke yake. Kuna za besiboli, mpira wa kikapu, futiboli ya Kimarekani, hoki ya barafu, na siku hizi hata mpira wa miguu.

Kupimwa daraja maana yake unaipeleka kadi kwa kampuni isiyokuwa muuzaji wala mnunuzi. Wataalamu wake huangalia kwanza kama kadi ni halisi, kisha kama imechezewa, halafu huipa alama kutoka 1 hadi 10 kulingana na hali yake. Hufungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo na namba, na mtu yeyote anaweza kuiangalia namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni. Kampuni kubwa kuliko zote ni PSA ya California, iliyoanza mwaka 1991. SGC ilianza 1998, Beckett ikaanza kupima 1999, na CGC, ambayo mizizi yake ni kwenye vitabu vya katuni, ikaingia kwenye kadi baada ya hapo.

Wengi wanadhani kampuni hizi huongeza thamani ya kadi. Hapana. Zinachouza ni uhakika. Mnunuzi aliyeko Texas hawezi kuishika kadi iliyoko Ohio, kwa hiyo hulipa zaidi kwa kadi ambayo mtu wa tatu ameshaikagua. Ukilishika jambo hili, karibu maswali yote mengine yanajibika: je, kwa kadi hii, uhakika huo unazidi gharama ya kuupata?

Anza na jina na mwaka kabla ya kuangalia pembe

Binamu, kama wageni wengi wa mambo haya, alianza kwa kutafuta kadi zilizo safi. Kadi safi zilikuwa nyingi mno, na hapo ndipo mwenye duka alipompatia.

Kati ya miaka ya mwisho ya 1980 na ya mwanzo ya 1990, kampuni za Topps, Fleer, Donruss, Score na Upper Deck zilichapa kadi kwa wingi usio na mfano. Watu walikuwa wamesikia kwamba kadi za zamani zimekuwa ghali, wakanunua mpya kwa maboksi na kuzihifadhi vizuri wakingoja utajiri. Zile za zamani zilikuwa ghali kwa sababu akina mama walizitupa na watoto walizichana. Hizi mpya hakuna aliyezitupa. Zimejaa magaraji hadi leo, zikiwa safi kabisa, na nyingi hazifiki bei ya soda.

Kati ya zile 60 alizochaguliwa, 51 zilikuwa za miaka hiyo. Zilikuwa na majina makubwa, ndiyo, pamoja na Michael Jordan mwenyewe, lakini zilikuwa kadi za kawaida za mwaka 1990 na 1991 ambazo yeyote anayezitaka anazipata leo jioni. Ilikuwemo pia ya Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa aliyechaguliwa wa nne na Denver Nuggets mwaka 1991. Hiyo ni kadi yake ya mwaka wa kwanza, ambayo wenyewe huiita ruki, na kwa kawaida kadi ya ruki ndiyo inayotafutwa kuliko zote za mchezaji. Lakini kwa kuwa ilichapwa katika gharika ile, kuipima kunagharimu kuliko kuinunua. Mutombo alifariki Septemba 2024, na ningeelewa mtu akiipima kadi yake kwa mapenzi tu, ili ikae kwenye kasha ukutani. Lakini mtu huyo ajue kwamba ananunua pambo.

Mfano ulionifungua macho zaidi ni wa mwaka 2009. Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka huo, wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Wa pili alikuwa Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kufika ligi hiyo. Wa tatu James Harden. Stephen Curry alisubiri hadi nafasi ya saba. Kadi zao za ruki zilichapwa msimu mmoja, kwa karatasi ile ile, na mtu aliyefungua pakiti siku hiyo angefurahia ya Thabeet kuliko ya Curry. Leo kadi ya Topps ya Curry ya msimu wa 2009–10 ni ya kupigania hata ikiwa na kasoro, na ya Thabeet, ikiwa haina doa, hairudishi ada ya kupimwa. Hali ya kadi haina uwezo wa kumbadilisha mchezaji.

Ndani ya boksi la binamu Thabeet alikuwemo. Harden alikuwemo. Curry nilimuuliza mara tatu, hakuwemo.

Kwa hiyo chujio la kwanza ni hili: je, kuna watu wanaoitafuta kadi hii hii, ya mwaka huu huu, na kuilipia? Jibu halitoki kwenye bei ambazo wauzaji wanaomba, kwa sababu kuomba hata milioni ni bure. Kwenye eBay kuna sehemu ya kuonyesha mauzo yaliyokwisha kufanyika. Hapo ndipo pa kuangalia. Tafuta jina, mwaka, kampuni na namba ya kadi iliyoandikwa nyuma, na uhakikishe ni toleo lile lile. Kadi ya kawaida na ndugu yake yenye uso wa kung'aa kama kioo zinaweza kuwa na picha moja na bei tofauti kabisa.

Hesabu ambayo duka halikumwonyesha

Kadi ikipita chujio la kwanza, chukua kalamu. Unahitaji bei nne kutoka kwenye mauzo halisi: ya kadi isiyopimwa, ya daraja la 8, la 9 na la 10. Nitatumia mfano wa kubuni, ila uwiano wake ni wa kawaida kwa kadi za kisasa.

Tuseme kadi isiyopimwa inauzwa dola 40. Ya daraja la 8 nayo ni dola 40, ya 9 ni dola 70, ya 10 ni dola 200. Ada ya kupima ni dola 25. Ongeza dola 6 kwa kila kadi kama fungu lake la posta na bima, kwenda na kurudi. Ukiuza mtandaoni, tovuti nayo hukata karibu asilimia 13.

Ukiiuza leo bila kuipima, mkononi unabaki na dola 34.80. Ikipimwa ikapata 10, baada ya makato yote unabaki na dola 143. Ikipata 9, unabaki na dola 29.90. Ikipata 8, unabaki na dola 3.80.

Rudi usome hapo kwenye 9. Daraja la 9 ni kadi nzuri sana, ambayo kwa macho ya kawaida haina kasoro, na bado umepata pungufu ya ambacho ungepata kama usingehangaika. Katika kadi za kisasa hali ni hiyo mara nyingi: faida yote imekaa kwenye 10, na 9 ni hasara iliyovaa nguo nzuri.

Sasa chukua kadi kumi za namna hiyo. Zikitoka mbili za daraja la 10, tano za 9 na tatu za 8, jumla unapata dola 446.90, dhidi ya dola 348 kama ungeziuza zote bila kupima. Kuna faida ya karibu dola 10 kwa kila kadi, baada ya kungoja wiki au miezi. Lakini ikitoka moja tu ya 10, sita za 9 na tatu za 8, unapata dola 333.80. Umepata hasara. Kadi moja kati ya kumi kuteleza kutoka 10 hadi 9 imegeuza biashara nzima.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: ikija 9, je, bado nitakuwa sijapoteza? Kadi ambayo 9 yake inarudisha gharama zote unaweza kuipeleka kwa utulivu. Kadi inayohitaji 10 ili usipate hasara ni kamari, na mtu acheze kamari hiyo kwa fedha ambazo hazina kazi nyingine. Za mabati hazimo.

Kuna takwimu inayosaidia kupima uwezekano. Kampuni za upimaji huchapisha idadi ya kadi walizopima kwa kila daraja. Kadi ya Michael Jordan ya Fleer ya msimu wa 1986–87 imepimwa na PSA zaidi ya mara 20,000, na zilizopata 10 ni mia tatu na kitu. Kadi ya ruki ya Ken Griffey Jr. ya Upper Deck, ya mwaka 1989, nayo ni katika zilizopimwa kwa wingi kuliko zote, na hata hiyo, iliyochapwa kwa uchapishaji wa kisasa na kuhifadhiwa na watu wazima, haikufikisha kadi 1 kati ya 10 kwenye daraja la juu kabisa. Na kumbuka kwamba takwimu hizi ni za kadi ambazo wenyewe walikwisha kuzichagua kuwa nzuri. Zile mbaya hawakuzituma.

Idadi hiyo ina upande wake wa pili. Kadi za 10 zikiwa maelfu na zinaongezeka kila mwezi, bei unayoiona leo huenda isiwepo kadi yako ikirudi.

Namna ya kuikagua kabla ya kulipa

Nawa mikono na uikaushe. Tandika kitambaa cheusi mezani, washa taa moja kali, na uwe na rula yenye milimita na kioo cha kukuza. Cha mara kumi kinatosha.

Anza na mkao wa picha, kwa sababu ndio unaopimika na hauna ubishi. Kadi nyingi zina mpaka unaozunguka picha. Pima upana wa mpaka wa kushoto na wa kulia, kisha wa juu na wa chini. Kama kushoto ni milimita 2.2 na kulia 1.8, jumla ni 4, na mkao wako ni 55 kwa 45. Hapo ndipo mwisho wa PSA kwa daraja la 10 upande wa mbele. Nyuma wanaruhusu hadi 75 kwa 25. Ikiwa kushoto ni 2.4 na kulia 1.6, hiyo ni 60 kwa 40, na 10 umeshaikosa hata kama pembe zake zinachoma. Binamu alikuwa na kadi tisa alizoziona kamili. Rula iliondoa tano katika dakika kumi.

Halafu pembe. Pembe zote nne, mbele na nyuma, chini ya kioo cha kukuza. Unatafuta weupe wa karatasi unaochungulia, au nyuzi zilizolegea. Pembe ambayo macho yanasema ni kali, kioo kinaweza kuonyesha kwamba imelainika. Kingo nazo zikague vivyo hivyo, hasa kwenye kadi zenye mipaka ya rangi. Ile Fleer ya 1986–87 ina mipaka ya nyekundu na buluu, na kila kikwaruzo pembeni kinaonekana kama chokaa.

Uso ndio unaowadanganya watu wengi, kwa sababu kasoro zake hazionekani ukiitazama kadi moja kwa moja. Iinamishe taratibu chini ya taa mpaka mwanga uteleze juu yake. Hapo mikwaruzo hujitokeza, na vijishimo vidogo kama vya ncha ya sindano, na mistari myembamba iliyoachwa na mashine ya kuchapa. Kadi za kung'aa huathirika zaidi na mistari hiyo, na hiyo ni kasoro hata kama kadi haijaguswa na mkono tangu kiwandani. Geuza pia nyuma: kadi zilizouzwa na ubani mara nyingi zina doa la ubani au la nta ya pakiti. Mkunjo wowote, hata mdogo unaoonekana kwa pembe moja tu ya mwanga, huishusha kadi hadi madaraja ya kati au chini.

Shauri ambalo nililipata kwa mkusanyaji mzoefu, na ambalo lilimsaidia sana binamu: andika daraja unalolitarajia kwa kila kadi, weka karatasi pembeni, kesho yake kagua tena bila kuitazama karatasi hiyo. Chukua daraja la chini kati ya mawili. Karibu kila mtu huipenda kadi yake mwenyewe kwa alama moja zaidi ya inavyostahili.

Pale ambapo daraja la chini nalo linalipa

Niliyosema kuhusu 9 na 10 ni ya kadi za kisasa. Kwa kadi za zamani, hasa za kabla ya miaka ya 1970, na kwa kadi zinazoghushiwa sana, mambo hubadilika.

Jordan ya Fleer ya 1986–87 ni katika kadi zilizoghushiwa kuliko zote duniani. Kwa sababu hiyo mnunuzi mwenye akili hamlipi mtu asiyemjua bei kamili ya kadi hiyo ikiwa nje ya kasha, hata ikionekana safi kiasi gani. Hapo daraja la 4 au la 5 lina faida, maana anacholipia mnunuzi ni neno "halisi", na namba inafuata baadaye. Hali ni hiyo pia kwa kadi za wakongwe wa besiboli kama Mickey Mantle na Hank Aaron. Kadi ya Mantle ya Topps ya 1952, ikiwa na daraja la 9.5 la SGC, iliuzwa mnadani Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Hiyo ni ya ajabu, lakini hata dada zake zilizokunjwa na kuchanika huuzwa zikiwa ndani ya makasha, kwa sababu hakuna anayetaka kununua bandia.

Kwa kadi hizi, swali la kwanza kwa mwenye boksi ni kama ni halisi. Linganisha na picha kubwa za kadi zilizokwisha pimwa: unene wa herufi, rangi, ukali wa nukta za uchapaji chini ya kioo. Ukiwa na shaka, ipeleke kwanza kwa mtu anayeijua aishike mkononi, kabla ya kuilipia ada kampuni ikuambie ni bandia. Ada hiyo kwa kawaida hairudi.

Usiisafishe, na kamwe usiikate

Kishawishi ni kikubwa: pembe moja imelainika kidogo, ukingo mmoja una weupe, mkasi upo. Kupunguza ukingo, kupaka rangi kwenye weupe, kuikandamiza kadi ili mkunjo upotee, kuifuta kwa dawa, yote hayo ni kuichezea kadi. Wapimaji wana vipimo vya urefu na upana na wana mwanga maalumu. Kadi ikibainika hairudi na alama, na ukiiuza bila kusema, umemwibia mtu. Vumbi kavu liondoe kwa kitambaa laini cha miwani, bila maji, uishie hapo.

Kisa kikubwa kuliko vyote katika historia ya kadi ni cha aina hii. Kadi ya Honus Wagner wa Pittsburgh, ya toleo linaloitwa T206 lililotiwa kwenye pakiti za sigara kuanzia 1909, ilinunuliwa mwaka 1991 na mchezaji wa hoki Wayne Gretzky pamoja na mshirika wake kwa dola 451,000. Ndiyo kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA, ikapewa 8. Mwaka 2007 ikafika dola milioni 2.8. Kisha mwaka 2013 mfanyabiashara wa minada Bill Mastro, akikiri makosa ya udanganyifu mbele ya mahakama ya Marekani, alikubali kwamba aliipunguza kingo miaka mingi nyuma. Kwa hiyo wapimaji nao hukosea, na mwanzo wao wenyewe ulianza na kosa. Nasema hivi si kuwavunjia heshima. Nimeona tu watu wanaichukulia namba ya kwenye lebo kama neno lililoshuka kutoka mbinguni.

Mambo madogo yanayokula fedha

Ada hufuata thamani ya kadi. Huduma ya bei ya chini ina kikomo cha thamani, na kadi ikipata daraja linaloivusha kikomo hicho, PSA hukutoza tofauti. Si jambo la kulalamikia sana, maana ina maana kadi ni ghali, lakini liwe kwenye hesabu.

Muda nao ni gharama. Wakati wa korona watu walituma kadi nyingi kiasi kwamba mwishoni mwa Machi 2021 PSA ilisitisha kwa muda huduma zake nyingi. Januari ya mwaka huo huo Jordan mbili za daraja la 10 zilikuwa zimeuzwa dola 738,000 kila moja. Kabla mwaka haujaisha, daraja hilo hilo lilikuwa linauzwa kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Waliokuwa wametuma kadi zao wakati wa joto walizipokea soko likiwa limepoa. Kwa mchezaji anayecheza sasa hivi hatari ni kubwa zaidi, kwani goti linaweza kuumia kadi ikiwa bado posta.

Kuhusu kampuni, kwa anayetaka kuuza, kadi za kisasa zenye daraja la 10 la PSA kwa kawaida ndizo zinazouzika haraka. Beckett hutoa alama nne ndogo za mkao, pembe, kingo na uso, jambo linalomfaa anayetaka kujua kadi yake ilikosea wapi. SGC ina wapenzi wengi kwenye kadi za zamani. Kabla ya kuchagua, angalia mauzo ya kadi yako chini ya jina la kila kampuni, kwani bei hazilingani.

Unapofunga, kadi iingie kwanza kwenye kifuko laini, kisha kwenye kishikilio cha plastiki kinachopinda kidogo, kama vile Card Saver, halafu kati ya maboksi mawili magumu. Na aliyeko Afrika Mashariki mwenye kadi moja au mbili, sioni namna atakavyofidia posta ya kuvuka bahari. Bora ziende na ndugu anayesafiri, zikaunganishwe na za wengine.

Zilizokwenda

Kati ya 300, tulibaki na tatu. Ya kwanza ni ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria, Fleer ya 1986–87, ambayo mwenye duka hakuichagua kwa sababu kingo zake zilikuwa zimechakaa. Ya pili ni ya Hank Aaron, Topps ya miaka ya 1960, nayo haikuwa kwenye zile 60. Ya tatu ni ya Harden, ambayo rula na kioo havikuipata na kosa. Gharama zote pamoja na posta hazikufika dola 110. Zile za miaka ya 1990 binamu aliziuza kwa mafungu, bila kupima, akapata fedha ya mafuta ya gari.

Olajuwon alirudi na 6, Aaron na 4. Zote mbili ziliuzika kwa zaidi ya ambacho binamu angepewa zikiwa nje ya kasha, hata baada ya makato. Harden, tuliyemtegemea, alikuja na 9, na hadi leo hatujui 10 ilipotelea wapi. Aliuzwa kwa hasara ya dola nne.

Mabati yalipigwa kabla ya mvua. Kadi ya Thabeet binamu alinitumia kwa bahasha ya kawaida, bila kifuko wala kishikilio, ikafika imekunjika pembe moja. Iko studio, imebandikwa ubavuni mwa kompyuta ninayosomea matokeo ya ligi.